Kibuyu cha Lukozi na Tumbo Lisilotaka Ngano

Jamani, tangu nishuke kutoka milimani sijapata kunywa kahawa kwa amani. Kila nikikaa barazani mnanizunguka. Mmoja anataka mwanzo, mwingine anataka mwisho, na jirani yangu Rajabu hataki kujua lolote isipokuwa kama ni kweli nilikunywa moshi, yaani gongo, mbele ya mzee wa kanisa. Nimeona niandike yote mara moja, msomeane kwa zamu, na kahawa yangu isipoe tena.

Wengi mnaijua habari ya tumbo langu, lakini kuna wageni kati yenu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi wa bekari hapa Tanga. Katika miaka mitatu ya mwisho nilikonda hadi watoto wa mtaani wakaacha kuniamkia, nadhani waliniogopa. Kila nilichokula hakikukaa tumboni. Nilipelekwa kwa waganga, nikachanjwa, nikafukizwa, na mmoja akamtaja shangazi yangu kuwa ndiye mchawi, na shangazi hajasema nami mpaka leo. Mwisho daktari mmoja Mzungu wa misheni, aliyekwisha kuuona ugonjwa huu kwao, akaniambia kwamba tumbo langu haliwezi ngano, wala shayiri, ile nafaka inayotengenezewa bia. Mkate, chapati, maandazi, tambi, bia ya chupa, vyote marufuku hadi kufa. Nikamuuliza nile nini. Akasema ugali. Hebu fikirini, kupanga foleni tangu alfajiri ili uandikiwe ugali! Lakini niliufuata ushauri wake, na mwezi wa tatu suruali ikaanza kukaa kiunoni bila kushikwa. Bekari nikaiacha, nikapata kazi ya kutunza bohari.

Kuhusu pombe kali, daktari alinipa neno moja ambalo sikuliamini. Alisema kilichochemshwa kikapanda mvuke, kisha kikapozwa kikawa maji tena, hakichukui ngano. Ngano hubaki chunguni. Nikamwitikia kwa adabu, nikatoka nje nikiapa sitajaribu. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Sasa safari. Yohana, mtoto wa marehemu kaka yangu, alifundisha shule kule Lukozi miaka miwili, na huko akampenda binti anayeitwa Naemi. Mara ikaja barua ya uhamisho: aende Songea, aripoti kabla ya mwezi kwisha. Na mjomba wa binti alikuwa ameshapokea posa nyingine, ya mgane mmoja mwenye duka kule Mlalo. Kwa hiyo nilitakiwa kupanda mimi, baba mdogo, niwe mshenga, na jibu lipatikane safari hiyo hiyo. Nikishindwa, Yohana angekwenda Songea peke yake na Naemi angepelekwa Mlalo.

"Baba mdogo," Yohana aliniambia, "kwao mshenga asiyekunywa kibuyu hajasema neno. Hata uongee tangu asubuhi mpaka jioni, hawatakusikia."

"Kibuyu cha nini?"

"Pombe ya ulezi."

Nilicheka kwa furaha. Ulezi naujua, hauna kosa na mtu. Nikafunga begi.

Garimoshi hadi Mombo

Tuliondoka Tanga kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi, na kweli baada ya Muheza garimoshi likasimama katikati ya mikonge, bila stesheni wala maelezo. Tulikaa hapo hadi jua likaingia madirishani upande wa pili.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Korogwe aliyebeba kikapu cha maandazi. Njaa ilipoanza kutuuma wote, yeye akafunua kitambaa akagawa bila kubagua. Zamu yangu ilipofika nikashukuru, nikasema sili.

"Umefunga?"

"Hapana, Mama. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani kula mkono wangu?"

Nikaona uso wake umebadilika. Nikatoa kikaratasi alichoniandikia daktari, ambacho hukaa mfukoni mwa shati langu siku zote. Akakisoma kimoyomoyo, kisha akakisoma kwa sauti, behewa zima likasikia. "Huyu baba ana ugonjwa wa mkate!" Basi nikawa mali ya umma. Mmoja alisema nimelogwa na mwenye bekari. Mzee wa dirishani akasema hayo ni maradhi ya vyeo, kwamba yeye amekula mhogo tangu azaliwe na tumbo lake halijawahi kumwandikia barua. Walicheka mpaka wakalia, na mimi nikacheka nao, maana nifanye nini. Yule mama hakuniacha na njaa. Chini ya maandazi alikuwa na mihogo ya kuchoma, akanipa vipande viwili na pilipili, akaniangalia nikimeza kana kwamba nitaanguka.

"Kinakaa?"

"Kinakaa, Mama."

"Mungu ni mwema," akasema, na garimoshi likaondoka wakati huo huo.

Mombo, mbele ya rafu ya chupa

Nilifika Mombo nimechelewa basi la mlimani, nikalazimika kulala. Asubuhi niliona si vizuri kupanda mikono mitupu, nikaingia kwenye baa moja kutafuta chupa ya heshima kwa huyo mjomba. Na nilitaka iwe chupa ambayo akinimiminia nami sitakufa.

Mwenye baa alikuwa mama wa Kipare, mrefu, asiyependa maswali. Bia hata sikuigusa. Nikaonyesha wiski.

"Hii imetengenezwa kwa kitu gani, Mama?"

"Kwa pesa," akajibu.

Nikamwomba aisome karatasi ya chupa. Alikijua Kiingereza kidogo. Akafinya macho, akasema ni shayiri. Nikalikumbuka neno la daktari kuhusu mvuke. Mkono ulienda, ukarudi wenyewe. Nikaonyesha jini. Akasoma, akasema imeandikwa nafaka.

"Nafaka gani?"

"Hawakutaja."

"Basi irudishe. Wakisema nafaka bila kuitaja, ujue iko yenye kesi."

Ilikuwepo brandi ya zabibu, moja tu, imejaa vumbi kama imerithiwa. Zabibu hazina ugomvi na mimi, lakini kizibo chake kilikuwa kimewahi kufunguliwa, nami siwezi kumpelekea mkwe chupa iliyoonjwa. Mwisho, chini kabisa, kulikuwa na pombe kali ya miwa ya hapa hapa nchini.

"Miwa mitupu?"

"Miwa na Ujamaa," akasema, kwa mara ya kwanza akitabasamu. "Ndugu, wewe hununui pombe, wewe unaposa."

Nikamwambia ndiyo, naenda kuposa. Akaifungia chupa gazeti mara mbili, akanisisitizia niishike wima, na akanipa ndizi ya njiani bila kuombwa.

Kutoka Mombo hadi Soni

Barabara ya kupanda Soni mnaijua wale mliopita. Upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Mvua ya siku mbili ilikuwa imeangusha udongo mbele yetu, na basi likasimama kwenye kona. Kondakta akatangaza kwamba huu ndio wakati wa kujitegemea, akashusha majembe matatu kutoka juu ya basi. Alikuwa nayo tayari, nadhani yeye na mlima walikuwa wamezoeana. Wanaume tukapokezana kulima barabara, wanawake wakituhimiza kwa nyimbo na kejeli. Mimi nilishika jembe kwa mkono mmoja, mkono mwingine umekumbatia chupa. Dada mmoja akaniuliza kama ndani ya gazeti kuna mtoto.

Tulifika Soni alasiri nikiwa na matope mpaka magotini. Sokoni nilipata sahani ya makande, mahindi na maharage, yamechemshwa hadi yamelainika, na juu yake kitunguu tu. Nakuambieni, chakula cha Wasambaa kilitungwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Hakuna chembe ya ngano sokoni pale, isipokuwa kwa muuza chai. Nikala sahani mbili, nikamalizia na peasi, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Tanga nikasahau kikaratasi cha mfukoni.

Hapo ndipo nilipokutana na bwana shamba. Alikuwa kijana wa Iringa, amevaa buti, akinunua pichi za kupeleka nyumbani kwake Lushoto, naye kesho yake alikuwa na kazi Lukozi. Aliposikia ninakokwenda akaniambia nipande landrova yake, na kwake kuna kitanda cha mgeni.

Lushoto hadi Lukozi

Siku ya pili tulipita msitu wa Magamba kukiwa na ukungu. Baridi ile si ya kusimuliwa. Nilivaa soksi mikononi. Bwana shamba hakuona baridi, alikuwa na ngano yake kichwani.

"Pale Lukozi tumeanza ngano kwenye shamba la ujamaa," akasema. "Udongo umeikubali ajabu. Tatizo ni wananchi wenyewe. Hawaili. Hawana tanuru, hawataki chapati. Lakini kila baada ya mavuno, masuke yanayobaki shambani hayaonekani. Nikiuliza naambiwa ndege."

"Ndege wa milimani wana njaa," nikamjibu.

"Ndege gani wanaokata kwa kisu?"

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi yake, na sikuwaza chochote. Akanishusha kwenye njia panda karibu na kanisa, akanionyesha nyumba yenye maua ya njano, akashika njia yake ya shambani.

Lukozi, kwenye kikao

Mjomba wa Naemi anaitwa Mzee Zakayo. Ni balozi wa nyumba kumi, ni mzee wa kanisa, na kwa kuwa baba wa binti ameshafariki, yeye ndiye mlango wa nyumba ile. Mtu mfupi, mkavu, anayesikiliza huku akitazama mikono yako. Kando yake alikaa mama yake mzazi, Bibi Rebeka, aliyemlea Naemi na ndiye mpishi wa pombe anayesifiwa pande zile zote.

"Onga mshi," nikasalimu kwa Kishambaa changu cha Kibondei, na kwa bibi nikainama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Tanga hawajambo? Umelima barabara?" Alikuwa ameshaona matope yaliyogoma kutoka kwenye suruali.

Nikakaribishwa vizuri. Nikatoa chupa yangu, Mzee Zakayo akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti chake bila kuifungua, na hapo hapo matumaini yangu ya miwa yakaisha. Ya mgeni hunywewa mgeni akishaondoka. Kisha Naemi akaleta kibuyu, akapiga magoti, akakiweka kati yetu. Msichana mtulivu, macho yake hayakuinuka.

Bibi Rebeka akachota kata, akaonja yeye kwanza. Hiyo ni desturi, mpishi huonja mbele ya mgeni kuonyesha kwamba hakuna sumu wala nia mbaya. Akajifuta midomo, akanipa kata.

Nikaileta karibu na uso, na pua yangu ikarudi Tanga.

Mtu hakandi unga miaka kumi na tisa halafu asiijue ngano. Ulezi ulikuwemo, ndiyo, lakini juu yake ilisimama ile harufu tamu ya ngano iliyolowekwa ikaota, harufu ya saa kumi ya alfajiri bekarini. Pale pale nikawaelewa wale ndege wa bwana shamba. Kimea cha pombe ile kilikuwa cha ngano.

Niliogopa, sitaficha. Nilijiona tena kitandani, mifupa na ngozi, mke wangu akinigeuza kwa mkono mmoja. Na nilimwona Yohana na sanduku lake, peke yake. Kata iko mkononi, watu wawili wananitazama, na mimi nikafanya kosa la mtu wa mjini. Niliuliza.

"Samahani, Mama. Humu mmetia kimea gani?"

Bibi Rebeka akatazama mwanawe, akatazama kibuyu.

"Kimea ni kimea," akasema.

"Ni cha ulezi mtupu?"

Mzee Zakayo akaweka mikono yake magotini. "Mgosi," akasema polepole, yaani bwana, "mama yangu ameonja mbele yako. Umeona kwa macho. Sasa unamuuliza ametia nini?"

"Si hivyo, mkwe wangu, mimi nina ugonjwa..."

"Bado hatujawa wakwe."

Nikatoa kikaratasi. Hakukipokea. Nikaeleza kwamba daktari amenikataza baadhi ya vitu, akauliza ni vitu gani hivyo ambavyo vingeweza kuwa ndani ya pombe ya ulezi. Nilipotaka kutaja ngano nikamwona Bibi Rebeka. Hakutikisa kichwa, hakusema kitu, ila macho yake yaliniomba. Sikujua ananiomba nini, lakini nilinyamaza. Basi nikawa nimekaa pale, mtu mzima, kata imejaa mkononi, sina sababu hata moja ya kuitoa.

"Yule wa Mlalo," akasema Mzee Zakayo, "alikunywa kata tatu." Akainuka, akasema anakwenda kutazama ng'ombe, akirudi anataka kukuta kata tupu au kiti kitupu.

Jikoni kwa Bibi Rebeka

Nilibaki nimeinamisha kichwa. Naemi ndiye aliyekuja, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, Bibi anakuita jikoni."

Mgeni mwanaume, mshenga, jikoni! Lakini heshima yangu ilikuwa imeshamwagika, nikaenda. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, moshi unamzunguka.

"Umejuaje?" akaniuliza bila kuanza na lolote.

"Nilikuwa fundi wa mikate, Mama. Miaka kumi na tisa."

"Kumbe ni pua." Akaguna, nadhani kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Ulezi peke yake huwa mzito. Ngano huufanya uinuke. Naokota masuke baada ya mavuno, yanayobaki ardhini, ambayo yangeoza. Lakini mwanangu alisimama mkutanoni akasema hata suke moja ni mali ya wote. Yeye ndiye balozi. Ungetaja ngano pale mbele yake, angelazimika kunipeleka mbele ya kijiji, mimi mama yake mwenyewe. Na angenipeleka, namjua nilivyomzaa."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimemtaka mwanamke wa watu, mbele ya mwanawe mkali, aseme kitu kimoja ambacho hawezi kukisema. Nikaona aibu. Nikamwomba radhi, nikamweleza ugonjwa wangu tangu mwanzo, na yeye akasikiliza kama anavyosikiliza mpishi anayeelezwa pishi geni.

"Na daktari hakukuachia kitu chochote cha kunywa?"

"Miwa. Zabibu. Na alisema kilichopanda mvuke hakichukui ngano. Lakini hilo sijawahi kulijaribu."

Kisha akainuka, akaondoa lundo la majani ya migomba pembeni, na pale chini kukawa na chungu kilichozibwa kwa udongo, mrija unatoka shingoni mwake ukipita ndani ya beseni la maji baridi, na mwisho wa mrija chupa ndogo. Ndani ya chupa kitu cheupe, safi kama maji ya chemchemi.

"Hii ni ya kuchua magoti," akasema.

"Moshi, Mama?"

"Ya kuchua magoti. Baridi ya huku huijui."

"Imetokana na nini?"

Hakunificha. "Hiyo hiyo ya kibuyu."

Nikaketi kwenye gogo. Ile pombe ambayo ingeniangusha ndiyo iliyopikwa ikawa hii. Nikaomba nione. Akawasha moto mdogo, tukangoja, mrija ukaanza kutoa tone, tone jingine. Nikafinya tone moja kati ya vidole, nikanusa. Nikanusa tena. Nilitafuta ngano kwa akili yangu yote na pua yangu yote, na haikuwepo. Ukali ulikuwepo, moto ulikuwepo, lakini bekari haikuwepo. Chunguni ndiko ilikobaki, kwenye machicha, kama yule Mzungu alivyosema.

Pua si daktari, nalijua hilo. Lakini Naemi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ubao wa mlango, na hakuniomba chochote. Angeomba ningepata la kumjibu.

"Nipe, Mama," nikasema. "Lakini mwanao naye lazima anywe nami, la sivyo sijasema neno."

"Hilo niachie mimi," akasema Bibi Rebeka.

Mzee Zakayo alirudi akakuta mimi nimekaa kitini, kata imeondolewa, na mahali pake vikombe viwili vidogo vya kahawa. Mama yake akamwambia mgeni amekatazwa na daktari vitu vyenye povu, kwamba kosa ni lake yeye kwa kutouliza, na kwamba ameamua kumheshimu kwa dawa yake ya magoti. Akaonja mwenyewe kwanza, kama desturi. Mzee Zakayo akachukua kikombe. Harufu ilimfikia kabla ya mkono, nikaona kofia yake ya ubalozi na kofia yake ya kanisa zikigombana juu ya kichwa kimoja. Alimtazama mama yake.

"Dawa ya magoti," akasema.

"Ya magoti," akasema mama yake.

"Tangu masika magoti yangu nayo hayalali vizuri."

Tukanywa. Ilishuka ikiwaka hadi kwenye kitovu, machozi yakanitoka, naye pia, na tulipotazamana machozini nikaona amenikubali kabla hajasema. Kisha akasema, mbele ya mama yake na jirani aliyeitwa kushuhudia, kwamba neno la Yohana limepokelewa, na kwamba wa Mlalo atapelekewa salamu. "Hongea," nikamshukuru. Sina haya kuwaambia kwamba nililia kidogo.

Siku mbili za kungoja

Furaha haikunipa usingizi. Kwangu ngano huja na hukumu yake siku ya kwanza au ya pili. Hakukuwa na gari la kushuka mpaka siku ya soko, kwa hiyo nilikaa pale nikilisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza mlango usiku wa wezi. Nilikula makande, nilikula viazi, nilikula mboga ambayo jina lake sikulishika. Likinguruma nashtuka, halafu nagundua ni njaa. Bibi Rebeka aliniuliza kila baada ya mlo, bila aibu yoyote, na nikamjibu bila aibu yoyote. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Asubuhi ya tatu nikaamka nikiwa mzima, nikatoka nje, nikavuta hewa ile ya baridi, nikamshukuru Mungu, na daktari, na yule bibi, kwa utaratibu huo.

Bwana shamba alipita akaniuliza kama nimewaona ndege wake. Nikamwambia nimewaona, ni ndege wenye busara, asiwafukuze.

Kushuka

Siku ya soko nilipata nafasi mbele ya lori la kabichi. Mzee Zakayo aliniaga nyumbani, kwa heshima, kwa mikono miwili, akiniita mkwe. Naemi akatumwa anisindikize mpaka njia panda. Alibeba begi langu mkononi, na kichwani alikuwa na furushi jingine, la kanga, limefungwa imara. Nikadhani ni viazi vya kumpelekea Yohana.

Tulipofika barabarani akaniwekea begi garini. Furushi halikushuka.

"Na hilo?" nikauliza.

Akatazama chini. "Hizi ni nguo zangu, Baba. Nilizifunga siku uliyofika, mjomba alipokwenda kwa ng'ombe. Nilisema, wakikukataa naondoka nawe hivyo hivyo. Leo nimezibeba ili ujue."

Siku mbili nimelala na hofu ya tumbo, nimekunywa moto mbele ya kanisa na serikali, na binti alikuwa ameshaamua! Nikataka kukasirika. Nikamtazama vizuri, macho yake bado yako chini kama siku ile ya kibuyu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia usingekunywa," akasema. "Na mimi ningetoka nyumbani kwa Bibi kama mwizi. Sikutaka. Nilimwomba Mungu unywe."

Dereva akapiga honi. Nikapanda, nikamwambia atunze miguu kwenye utelezi, tutakuja kumchukua kwa ngoma. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akaniamkia tena kwa kupiga goti na furushi kichwani bila kulishika. Lori lilipoanza kuteremka nikageuka kumtazama. Alikuwa anapanda kurudi kwao, haraka, akalifungue furushi lake.